Mafua ya Watu Wengine

Katika nyumba nyingi za Kabasa mafua hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Mwenye malaria anaumwa, mwenye homa ya matumbo anaumwa, lakini mwenye mafua "ana kamafua tu", na anaendelea kulima, kwenda mnadani na kupakata watoto. Kwa mtu mwenye mapafu mazima hesabu hiyo haina kosa kubwa. Sura hii inamhusu mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo: yule aliyeambiwa katika hospitali ya Bugando kwamba ana saratani ya pafu, akarudi nyumbani kusubiri dozi inayofuata, na sasa anakaa kibarazani kupokea wageni. Kwake yeye kamafua ka mjukuu kanaweza kuamua kama dozi hiyo ataipata kwa wakati, na mara nyingine kama mwezi ataumaliza.

Kabasa ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Bunda, mkoani Mara. Ukiugua hapo unaanza zahanati, unapanda hospitali ya Bunda, unaweza kupelekwa Kwangwa, Musoma, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa yenye jina la Mwalimu Nyerere, na jambo likiwa saratani safari inaishia Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, karibu kilomita 150 kutoka Bunda kwa barabara. Wachache wanasogezwa mbele zaidi, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Msomaji aishike njia hiyo akilini, kwa sababu kirusi nacho kinasafiri kwa mabasi ya njia hiyohiyo.

Kabla ya kirusi, tuyaangalie mapafu yenyewe. Mtu anapotajiwa saratani ya pafu anauliza kwanza sigara, na ana haki, maana hakuna kitu kimoja kinachoisababisha zaidi kuliko tumbaku. Lakini mapafu ya upande huu wa Ziwa Viktoria yana historia ndefu kuliko sigara. Kuna moshi wa kuni jikoni, miaka thelathini au arobaini ya kuinamia mafiga ndani ya kibanda chenye dirisha moja dogo. Kuna kubanika samaki, kazi ambayo kando ya ziwa imewalea watoto wengi na kuwaachia mama zao kikohozi kisicho na jina. Kuna vumbi la dhahabu: Buhemba na Kiabakari wilayani Butiama, Nyamongo kule Tarime, ambako mawe hupasuliwa na kusagwa kwenye makarasha, na unga wake mweupe umejaa silika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya kuvutwa katika kundi la kwanza la visababishi, kundi moja na tumbaku. Moshi wa kuni wa ndani ya nyumba limeuweka ngazi moja chini yake, kwamba huenda unasababisha.

Halafu kuna kifua kikuu. Utaratibu wetu ni kwamba kikohozi kikizidi wiki mbili, makohozi yapimwe, na ni utaratibu mzuri. Tatizo linaanza pale makohozi yanapokuja safi lakini picha ya kifua ina kivuli. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, tabibu anayeona kivuli anafikiria kwanza kile anachokiona kila wiki, na mgonjwa anaanzishiwa dawa za miezi sita. Akiwa kweli ana kifua kikuu, anapona. Akiwa na saratani, miezi hiyo ni zawadi kwa uvimbe. Wengine wana vyote viwili, kovu la kifua kikuu cha zamani na saratani juu yake. Simlaumu tabibu wa zahanati ambaye hana mashine ya CT. Nasema tu kwamba mgonjwa wa saratani ya pafu anapofika hatua ya kujulikana, mara nyingi pafu lake limeshapigwa na mambo mengi, na ndilo pafu hilo linalokutana na mafua.

Virusi vya njia ya hewa ni jamii kubwa. Homa ya mafua yenyewe, yaani influenza, ina aina A na B zinazotusumbua zaidi. Kuna virusi vya korona, kimojawapo kikiwa cha UVIKO-19. Kuna kirusi cha RSV, ambacho akina mama wanakijua kwa watoto wachanga wanaopumua kwa shida, na ambacho huwarudia wazee. Kuna rinovirusi, vinavyoleta mafua ya kawaida ya pua. Mgonjwa wa saratani anaweza kuangushwa na chochote kati ya hivi, hata kile ambacho kwa mwingine kinaishia kwenye leso.

Njia zetu za hewa zimetandikwa seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopiga usiku na mchana, vikisukuma ute juu kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Kirusi cha influenza kinaingia ndani ya seli hizo, kinajizalisha, na kuziua. Sakafu inabaki wazi, ute unatuama, na bakteria waliokuwa wakiishi kimya puani na kooni wanashuka. Ndiyo maana mtu anapata nafuu siku ya nne au ya tano, anasema amepona, kisha siku ya saba homa inarudi na kifua kinachoma. Hicho ndicho kichomi, nimonia ya bakteria iliyofunguliwa mlango na kirusi. Watafiti waliorudi kuchunguza vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu mafua makuu ya 1918, yale yaliyoingia Afrika Mashariki kupitia bandari kama Mombasa na kupanda na reli kuelekea Kisumu na ziwani, walikuta kwamba wengi wa waliokufa walimalizwa na bakteria waliofuata. Vinyweleo vinaota tena, lakini vinahitaji wiki kadhaa. Kwa aliyevuta moshi miaka thelathini, vilikuwa vichache tangu mwanzo.

Sasa weka uvimbe ndani ya picha hiyo. Saratani nyingi za pafu huota karibu na mirija mikubwa ya hewa, na uvimbe unapokua unaubana mrija kutoka pembeni au unauziba kutoka ndani. Sehemu ya pafu iliyo nyuma ya kizuizi haipati hewa vizuri wala haitoi ute wake; maji yanatuama kama kwenye mfereji uliozibwa na takataka. Mgonjwa anaweza kuishi hivyo kwa muda, akihema kidogo akipanda mlima, bila dalili kubwa. Yakija mafua, utando wa mrija unavimba, ute unaongezeka, na tundu lililokuwa nusu linafungwa kabisa. Nyuma yake usaha unatengenezwa. Antibayotiki zinazomezwa zinafika huko kwa shida, kwa hiyo nimonia ya namna hii inaisha na kurudi, inaisha na kurudi, hadi uvimbe wenyewe upunguzwe kwa dawa au mionzi.

Kuna mtego mwingine hapa, nao huvunja watu moyo bure. Picha ya kifua inayopigwa wakati wa mafua makali, au wiki chache baadaye, inaonyesha vivuli vipya na tezi zilizovimba. Familia inaambiwa, au inajiambia, kwamba saratani imesambaa. Huenda ni kweli. Huenda pia ni nimonia tu, au mabaki ya UVIKO, au pafu lililochomwa na mionzi, kwa kuwa vyote vinafanana kwenye filamu. Kabla ya kuamua kwamba dawa imeshindwa ni halali kabisa kumuuliza daktari: tunaweza kurudia picha baada ya wiki sita?

Katika saratani ya damu mambo yanakwenda tofauti. Mkoa wa Mara unaukumbuka mfano wake mkubwa: Mwalimu Nyerere wa Butiama alifariki London, hospitali ya St Thomas', tarehe 14 Oktoba 1999, akiugua saratani ya damu. Ile inaanzia kwenye walinzi wenyewe, chembe nyeupe. Saratani ya pafu mara nyingi inawaacha walinzi wakiwa kazini. Kinachowaangusha ni tiba. Dawa kama sisplatini au kaboplatini, zinazochanganywa na nyingine na kutolewa kwa dripu, mara nyingi kila baada ya siku 21, zinaua seli zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza chembe nyeupe unagawanyika haraka kuliko karibu kitu chochote mwilini. Siku ya kwanza na ya pili baada ya dripu mgonjwa anatapika na kila mtu anamhurumia. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne anaanza kula, anacheka, ndugu wanapumua, na hapo ndipo chembe nyeupe ziko chini kabisa. Siku anayoonekana mzima ndiyo siku asiyo na ulinzi. Ningeandika siku hizo kwa chaki ukutani, tangu siku ya dripu, ili kila anayeingia azione.

Katika siku hizo homa ya nyuzi 38 inayodumu kwa saa moja, au 38.3 hata mara moja, ni dharura. Wauguzi wa saratani husema antibayotiki ya mshipa ianze ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike hospitali. Hapo desturi zetu mbili zinagongana na dawa. Ya kwanza ni panadoli: mtu akipata joto anameza mbili, joto linashuka, anasubiri asubuhi. Panadoli imeshusha namba ya kipimajoto na vijidudu vinaendelea. Deksamethasoni nayo, ambayo wengi hupewa kuzuia kutapika, huficha homa, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na sumu ya bakteria kwenye damu huku ngozi ikiwa ya kawaida. Baridi ya kutetemeka, kuchanganyikiwa au kuhema haraka vitoshe kumpeleka.

Desturi ya pili ni malaria. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, na homa yoyote inapimwa kwa kipimo cha haraka cha kidole. Kipimo kikisema ndiyo, kila mtu ameridhika. Lakini mtu wa pembeni ya ziwa anaweza kuwa na vimelea vya malaria na nimonia kwa wakati mmoja, na kwa mgonjwa aliye kwenye tiba kemikali jibu la malaria, liwe ndiyo au hapana, halifungi mazungumzo. Anayempeleka zahanati aanze na sentensi hii kabla ya salamu kupoa: "Ana saratani ya pafu, alitundikiwa dawa Bugando siku kumi zilizopita." Abebe pia karatasi ya kutokea hospitali. Nesi wa zamu ya usiku hawezi kukisia.

Gharama nyingine ya mafua haina homa wala oksijeni ndani yake: ni ratiba. Daktari hawezi kutundika dripu kwa mtu mwenye homa, kwa hiyo anamwahirisha wiki moja au mbili. Kwa anayeishi Nyamagana, hapohapo Mwanza, hilo ni usumbufu. Kwa wa Kabasa ni nauli iliyokwisha kutumika, ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, na kulala kwa ndugu Mwanza katika chumba ambacho watoto watatu wanakohoa. Mionzi ni ngumu zaidi, maana hutolewa karibu kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na siku zikirukwarukwa nguvu yake inapungua. Nimesikia watu wakisema fulani aliacha tiba. Ukiuliza vizuri unakuta hakuacha. Aliahirishwa, akarudi nyumbani kutafuta nauli nyingine, na uvimbe haukumsubiri.

Kuhusu UVIKO tuna takwimu za wengine kuliko zetu. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na wiki chache baadaye hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509, ikabaki hapohapo zaidi ya mwaka. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wagonjwa wangapi wa saratani ya pafu waliondoka Kanda ya Ziwa kwa wimbi la 2020 au la 2021. Ulaya madaktari walikusanya haraka majina ya wagonjwa wa saratani za kifua waliopata UVIKO: kati ya 200 wa kwanza, 66 walifariki. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilifuatilia 102, robo walifariki. Ni idadi za kutisha, lakini kuna jambo ndani yake ambalo nalikumbuka zaidi. Makundi yote mawili yalipotafuta nani alizidiwa, aina ya tiba ya saratani haikuonekana kuwa ndiyo sababu kuu. Iliyojitokeza ni historia ya kuvuta sigara, na kule New York pia ugonjwa sugu wa mapafu. Maana yake ni kwamba woga wa kuendelea na dripu wakati wa mlipuko haukuwa na msingi mkubwa kama tulivyodhani, na kwamba kinachoamua ni uchakavu wa pafu kabla kirusi hakijafika. Moshi wa mafiga na vumbi la karasha havikupimwa kule; New York hakuna mafiga. Mimi nisingengoja mtu aje avipime ndipo nimhamishe mgonjwa kutoka jikoni.

Kipindi kile pia ndicho kilichorudisha nyungu kwa kishindo. Majani ya mkaratusi na mchaichai, maji yanayotokota, blanketi, na watu wawili watatu wakiinama pamoja. Mvuke unafungua pua iliyoziba, hilo sibishani nalo. Hauui kirusi kilichoko ndani ya seli za pafu. Kwa mtu mwenye pafu moja na nusu, dakika kumi chini ya blanketi ni kunyimwa hewa; sufuria ikiwa bado juu ya jiko la mkaa anavuta gesi ya mkaa pia; na wakijifunika pamoja na mwenye mafua, wamegawana kila kitu. Kama mzee anaitaka nyungu yake, na wazee wanaitaka, awe peke yake, uso wazi, bakuli mezani mbali na moto, na mtu akae karibu.

Tufike kwenye kazi ngumu kuliko zote, yaani wageni.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Habari zikienea kwamba mzee amerudi kutoka Bugando, watu wanakuja kumjulia hali kutoka Butiama, kutoka Musoma, kutoka Sirari, wamebanana kwenye basi pamoja na wanaokohoa. Kutokuja ni kutangaza chuki. Mwenye influenza anaambukiza tangu siku moja kabla hajaanza kupiga chafya, kwa hiyo hata mgeni mwenye nia njema, anayesema ni mzima, anaweza kuwa anasema asichokijua. Wanaingia chumbani, wanashika mkono wa mgonjwa kwa mikono miwili, wanakaa kitandani pake, wanasali. Mgonjwa wa saratani akiambukizwa anaweza kukitoa kirusi kwa wiki kadhaa, muda mrefu kuliko mtu mzima wa kawaida, na kuwarudishia wa nyumbani.

Kuwafukuza haiwezekani na haifai. Kinachowezekana ni kubadili mahali na namna. Chini ya mwembe ni salama kuliko sebuleni, sebuleni madirisha yakiwa wazi ni salama kuliko chumbani. Hewa inayopita inafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kunyunyiza. Mwenye mafua, hata kidogo, asalimie kwa mbali au avae barakoa yeye, wala siyo mgonjwa tu anayehema kwa shida. Na mlinzi wa mlango awe mtu mwenye cheo. Mke wa kijana wa nyumba hawezi kumzuia baba mkubwa wa mumewe, shangazi anaweza. Nimemsikia shangazi mmoja akiifanya kazi hiyo kwa ufundi: "Karibuni, baba mkubwa, shikamoo. Mzee yupo, amewasubiri tangu jana. Daktari amekataza mafua mwezi huu, kaeni hapa mwembeni nimtoe nje." Hakuna aliyenuna. Lawama yote imebebwa na daktari aliyeko Mwanza, ambaye haitamdhuru.

Msibani ni kugumu zaidi, na sina jibu la kuridhisha. Mzee wa ukoo hawezi kukosa maziko ya nduguye kwa sababu ya chembe nyeupe. Aende kaburini, arudi kulala kwake. Matanga, watu arobaini wakilala ndani usiku, ayaache kwa wengine ikiwa yuko katika zile siku saba hadi kumi na nne.

Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa panya ulioongeza swali jipya. Seli za saratani ya titi zilizokuwa zimelala mapafuni ziliamka na kuongezeka ndani ya siku chache baada ya panya kuambukizwa influenza au kirusi cha korona, zikiamshwa na kemikali ambayo mwili wenyewe unaitoa kupigana na kirusi. Ni panya, na ni saratani ya titi iliyohamia pafuni, siyo iliyoanzia hapo. Siyo sababu ya mtu kukosa usingizi kila akipiga chafya. Ila waliopona saratani nao sasa wana hoja ya kuyakwepa mafua, siyo walio kwenye dripu peke yao.

Dawa za kirusi zipo kwa uchache. Oseltamiviri inasaidia influenza hasa ikianza ndani ya saa 48, muda ambao kwa kawaida mgonjwa wa Kabasa bado anapewa tangawizi. Kwenye duka la dawa muhimu atauziwa antibayotiki, amoksilini au Azuma. Haziui kirusi, ingawa daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuziandika kwa ajili ya bakteria wanaofuata. Kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidoleni kina faida kubwa kuliko chupa tatu za dawa ya kikohozi: mtu ambaye kawaida yake ni 95 akishuka chini ya 90 asingoje kuche.

Chanjo ya influenza hutolewa kila mwaka na haimo katika ratiba ya taifa. Inayoweza kupatikana ni ya kulipia, mijini. Mwenye uwezo amuulize daktari wa saratani ni lini kati ya dozi aipate, na wanaoishi naye waipate pia. Lakini kuna chanjo nyingine ambayo tayari iko Kabasa na watu hawaihusishi na babu. Tangu 2013 watoto wa Tanzania wanachomwa chanjo ya nimokoka, bakteria yuleyule anayefuata mafua, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Nchi zilizofuatilia, Marekani na Uingereza zikiwemo, zilikuta ugonjwa wa aina zilizomo kwenye chanjo ukipungua hata kwa wazee ambao hawakuchanjwa, kwa kuwa watoto hawakuwa wakizibeba tena puani. Anayemuuguza mtu wa pafu na hajui aanzie wapi, aanze na kadi za kliniki za wajukuu. Yupo aliyepitisha wiki ya 14 bila sindano ya tatu? Zahanati inaitoa bure.